Camilla Gray na Picha Zilizofungiwa

Katika nyumba za Wakristo wa Urusi, tangu zamani, pembe moja ya chumba ina heshima kupita nyingine. Hapo juu huwekwa sanamu takatifu, na mgeni akiingia hufanya kwanza ishara ya msalaba mbele yake. Basi mwaka 1915, katika maonyesho mjini Petrograd, mchoraji Kazimir Malevich alitundika picha yake pembeni vile vile. Na picha yenyewe ilikuwa nini? Mraba mweusi juu ya rangi nyeupe: hapana mtu, hapana mti, hapana nyumba.

Malevich hakuwa peke yake. Vladimir Tatlin, Natalia Goncharova, Mikhail Larionov na wenzao walitafuta njia mpya. Wafaransa huwaita wachoraji wa namna hiyo kwa jina la askari wanaotangulia mbele ya jeshi. Mapinduzi ya 1917 yalipofika, wengi waliyashangilia. Lakini mwaka 1932 serikali ya wakomunisti ilivunja vyama vyote vya wachoraji. Kisha ikakubali namna moja tu ya sanaa, ile ya kusifu kazi yake. Picha za watangulizi wale zikaondolewa ukutani, zikafungiwa katika ghala za makumbusho. Malevich alikufa 1935, Tatlin 1953. Ilionekana kwamba kazi yao itazikwa pamoja nao.

Mmoja wa wale walioifukua alikuwa msichana Mwingereza, Camilla Gray, aliyezaliwa mwaka 1936. Baba yake alitunza vitu vya sanaa vya Asia katika makumbusho makuu ya London. Lakini yeye mwenyewe alijifunza kwanza kucheza balei, wala hakuwa mwalimu wa chuo kikuu. Alikwenda Moscow angali kijana, akaanza kutafuta. Huko Paris aliwakuta Goncharova na Larionov, wazee sasa, waliotoka Urusi tangu 1915. Akawauliza, akawasikiliza, akaandika. Kazi hiyo ilitaka uvumilivu, maana mzee husahau miaka, na baadhi ya wachoraji wale waliandika juu ya picha zao mwaka wa nyuma, ili waonekane wa kwanza.

Mwaka 1962 kitabu chake kilitoka London, naye hajatimiza miaka 27. Tuangalie alipoanzia. Hakuanza na mraba mweusi, bali na mwaka 1863, wanafunzi 14 walipoacha chuo cha sanaa cha Petersburg kwa kukataa shindano waliloamriwa. Kutoka hapo alifuata njia hatua kwa hatua hata 1922. Hivyo alionyesha kwamba picha ile haikuanguka kutoka mbinguni. Ilikuwa na baba na babu zake. Mtu anaweza kuichukia au kuipenda, lakini hawezi tena kusema ni upuuzi usio na asili.

Kazi hiyo ilimgharimu. Alichumbiwa na Oleg Prokofiev, mchoraji, mwana wa mtunga muziki Sergei Prokofiev. Serikali ya Sovieti ikawazuia miaka mingi. Wakangoja. Mwaka 1969 ndipo walipooana mjini Moscow. Mwaka 1971 maonyesho ya sanaa ya Urusi ya wakati wa mapinduzi yalifunguliwa London, na Camilla alikuwa amesaidia kuyatayarisha. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule alikufa huko Sukhumi kwa ugonjwa wa ini, mwenye miaka 35 tu.

Kitabu chake kilichapwa tena 1986, kimesahihishwa na mwingine, maana ghala zilikuwa zimeanza kufunguka na makosa yalionekana. Hiyo si aibu kwake. Angalikaa kungoja funguo za ghala, angalikuta wale wazee wa Paris wamekwisha kufa: Goncharova alikufa mwaka ule ule wa kitabu, 1962, na Larionov 1964. Msomaji mpenzi, nani katika kijiji chako anajua mambo ya zamani ambayo hayakuandikwa bado? Mwulize mwaka huu.