Noble, Kathleen

Kathleen Noble (alizaliwa Kampala, 1994) ni mpiga makasia wa kwanza kuiwakilisha Uganda katika Olimpiki: Tokyo mwaka 2021, kisha Paris 2024. Safari yake yapinga dhana kwamba ziwa peke yake huzaa bingwa. Alianza kwa kuogelea, akaiwakilisha Uganda katika mashindano ya dunia ya kuogelea ya 2012; makasia alijifunza Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, si katika Ziwa Victoria lililo jirani na mji wake. Tiketi ya Tokyo aliikata Tunis mwaka 2019.

Yupo atakayesema kwamba binti wa wazazi wa Kiayalandi aliyesoma ng'ambo hawezi kuwa kipimo cha wasichana wa maziwa yetu. Pingamizi hilo lina uzito, lakini laongeza nguvu ya hoja: kilichomfikisha ni kocha, wenzake wa mazoezi na chombo chembamba chenye kiti kinachoteleza. Tazama Kashikishi, wilayani Nchelenge nchini Zambia: Ziwa Mweru li mlangoni, na wavuvi hutoka usiku na taa kufuata chisense, dagaa wa huko. Hata hivyo, mvuvi hupiga kafi akitazama aendako. Mshindani wa makasia hulipa kisogo lengo lake kwa mita 2,000, akijisukuma kwa miguu zaidi ya mikono. Ni ufundi mwingine kabisa, wa kufundishwa. Tena mtumbwini aghalabu huingia wanaume; wanawake husubiri ufukoni, wakanunua samaki, wakawaanika na kuwauza.