Mtunzi Kijana na Haki ya Kusikika

Historia ya muziki huandikwa kana kwamba ni historia ya watunzi pekee. Anayesahaulika ni mpigaji. Mshairi anaweza kuusoma ubeti wake kwa sauti akiwa peke yake. Aliyetunga muziki wa vyombo 15 hana uwezo huo. Kazi yake hubaki karatasi hadi wapatikane wapigaji mahiri, ukumbi na muda wa mazoezi. Kwa hiyo, kuuliza ni nani watakuwa watunzi wa kesho ni kuuliza ni nani wanaopewa wapigaji leo.

Arnold Schoenberg alilitambua hilo mapema. Mwishoni mwa 1918, Vienna ikiwa imechoshwa na vita, alianzisha chama cha maonyesho ya faragha ya muziki mpya. Wahakiki wa magazeti walizuiwa kuingia, kupiga makofi kulikatazwa, na kazi zilirudiwa ili zieleweke. Alban Berg na Anton Webern, waliokuwa wanafunzi wake, walikuwa miongoni mwa wasimamizi wa mazoezi. Msingi wa chama ulikuwa mmoja: kazi ipigwe vizuri kwanza, ndipo ihukumiwe. Hata hivyo, kufikia mwisho wa 1921 ukata na mfumuko wa bei vilikuwa vimekwisha kukizima.

Mwaka 1946, katika mji wa Darmstadt uliokuwa umeteketezwa kwa mabomu miaka miwili kabla, Wolfgang Steinecke alianzisha mafunzo ya kiangazi ya muziki mpya. Hapo ndipo mwaka 1952 Karlheinz Stockhausen, mwenye umri wa miaka 23, alipoonyesha kazi yake Kreuzspiel. Ukumbi ulizizima kwa zogo. Lakini kijana huyo alikuwa amesikika, naye akaja kuwa miongoni mwa watunzi mashuhuri wa karne yake.

Kilichofuata ni kuyapa mazoea hayo makao ya kudumu. London Sinfonietta iliundwa mwaka 1968. Mwaka 1976 Pierre Boulez aliunda Ensemble intercontemporain mjini Paris, kundi la wapigaji 31 linalogharimiwa na fedha za umma. Huko Frankfurt, Ensemble Modern, kundi lililoanzishwa mwaka 1980 na linaloendeshwa na wapigaji wenyewe, lilifungua akademia yake mwaka 2003. Katika mazingira kama hayo mtunzi kijana huambiwa na mpiga filimbi kwamba sentensi aliyoiandika haimwachii nafasi ya kuvuta pumzi. Huirekebisha kesho yake, kabla hadhira haijaisikia. Hakuna kitabu kinachofundisha hivyo.

Afrika Mashariki nayo ina ushahidi wake. Mwaka 1992 Kronos Quartet ya Marekani ilitoa albamu ya Pieces of Africa, ikiwa na kazi ya Mganda Justinian Tamusuza. Kipaji kilikuwa cha Uganda. Wapigaji waliokipeleka duniani walitoka ng'ambo.

Ndugu msomaji, fedha za umma zinazolipa mazoezi ya kazi ambayo bado haijulikani kama itafaulu zinaweza kuonekana anasa. Historia inatuonyesha kwamba ndiyo gharama ya kumpata mtunzi. Chuo kinachofundisha utunzi kisha kikaishia kusahihisha karatasi kinamfunza mtu kuogelea ubaoni. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mtunzi hulelewa kwa sauti.