Bei ya Fundi wa Stima Ilianza Kabla Hujazaliwa

Uliza mafundi watatu bei ya kubadilisha soketi moja kwa bedsita yako na utapata bei tatu. Mimi mwezi uliopita nilitajiwa 300, 800 na 2,000. Soketi ni hiyo hiyo, ukuta ni huo huo. Wengi wetu hapo husema tu mafundi ni wezi, story inaisha. Mimi naona hiyo bei ina historia ndefu, na ukiijua hautakuwa unalipa ukiwa kwa giza.

Anza na neno lenyewe. Stima lilikuwa neno la meli ya mvuke. Watanzania wakaenda na umeme, sisi tukabaki na stima hata kwa balbu. Kampuni ya stima yenyewe husimulia historia yake kuanzia 1875, wakati Sultani Barghash wa Zanzibar alinunua jenereta ya kuwasha kasri lake na barabara za karibu. Mwaka wa 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akaichukua hiyo jenereta. Mwaka huo huo injinia anaitwa Clement Hertzel akapewa haki ya kusambaza stima Nairobi, yeye pekee. Kampuni hizo mbili ziliungana 1922 zikawa East African Power and Lighting, na jina la Kenya Power and Lighting likaja 1983.

Sasa shika hii: kazi ya kampuni huishia kwa mita. Kuanzia hapo kuingia ndani ni wewe na fundi wako. Na huyo fundi alitoka wapi?

Wengi wa mafundi wa kwanza wa mjini walikuwa Wahindi. Reli ilipojengwa kutoka 1896, zaidi ya watu 30,000 waliletwa kutoka India. Wengi walirudi kwao, lakini waliobaki walikuwa na ujuzi wa mikono, na wengine waliwafuata. Serikali ya kikoloni ikapanga mishahara kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, hata kama wote wameshika kazi moja. Lakini hata hao wa katikati walichoka. Mwaka wa 1937 mafundi wa ujenzi Nairobi waligoma wakiongozwa na chama cha Makhan Singh, na waajiri wakalazimika kuongeza malipo. Baadaye serikali ilimfungia huyo Makhan Singh kizuizini kutoka 1950 mpaka 1961. Unaona vile bei ya fundi ilikuwa siasa?

Kwa Mwafrika ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka wa 1954 kamati ya Carpenter ilisema wazi kwamba mshahara wake ulikuwa umehesabiwa kama wa mwanaume asiye na familia, eti bibi na watoto watakula shambani. Manze, hiyo akili haijaisha. Kila ukiambia fundi "si ni kazi ya dakika kumi tu," unamhesabia hivyo hivyo: dakika, bila nauli, bila vifaa, bila miaka aliyosoma.

Baada ya uhuru shida ikageuka. Shule zilitoa vijana wengi kuliko kazi. Mwaka wa 1966 makanisa yalitoa ripoti yenye swali moja, baada ya shule, nini? Hapo ndipo polytechnic za vijijini zilianza. Halafu 1986 serikali, kwa karatasi yake rasmi ya uchumi, ikakubali kwamba jua kali ni ajira kama zingine. Kwa hivyo leo mafundi wako wa aina nyingi. Kuna aliyefanya mtihani wa serikali wa ufundi, Gredi 3, 2 au 1. Kuna aliye na leseni ya EPRA. Na kuna aliyejifunza kwa kubebea mjomba wake spana, na wengine wa hawa ni wakali sana, tusiwadharau.

Soko likapanuka tena 2015, wakati ada ya kuunganishiwa stima ilishuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Nyumba nyingi zikahitaji waya kwa mara moja. Kisheria mwenye leseni ndiye anafaa kusaini cheti cha waya kabla mita ije, na orodha ya walio na leseni iko kwa mtandao wa EPRA.

Basi ulipe ngapi? Pima na hii. Novemba 2024, mshahara wa chini wa kibarua wa kawaida Nairobi uliwekwa kuwa 16,113.75 kwa mwezi. Gawa kwa siku 26, unapata kama 620. Huyo ni mtu ambaye hajasomea kazi yoyote. Fundi anayeharibu nusu siku kuja kwako kwa 300 ama hana kazi kabisa, ama atarudisha pesa yake kwa waya.

Na kwa waya ndipo watu huumia. Taa hutumia waya wa 1.5, soketi 2.5, na shawa ya stima inataka mnene zaidi, na swichi yake pekee. Ukimpa fundi pesa ya vifaa bila kuuliza saizi, anaweza kukuwekea nyembamba na hautajua mpaka siku utasikia harufu ya plastiki. Nenda hadiwea mwenyewe, ununue, uweke risiti. Labour mpatane kando. Kazi ndogo mpatane kwa siku au nusu siku. Nyumba nzima kwa kawaida huhesabiwa kwa pointi, yaani kila taa, swichi na soketi, kwa hivyo zihesabu pamoja naye kabla aanze.

Mimi nilichukua wa 800. Aliuliza nitachomeka nini kwa hiyo soketi kabla aseme bei. Wa 2,000 hakuuliza chochote.

Kama umepanga, kumbuka balbu ni yako lakini waya ulio ndani ya ukuta ni wa landilodi. Ongea na keretaka kwanza, na mkikubaliana utoe kwa rent, akuandikie kwa meseji.