Kompyuta hujuaje pa kutafuta?

"Mjomba, hii kompyuta imerogwa."

Mpwa wangu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sayansi ya kompyuta, aliingia sebuleni na laptopu mkononi. Usiku kucha alikuwa akipakua vifaa vya kuandikia programu za Java kwenye Linux. Faili zote zilikuwamo, ameziona kwa macho yake. Lakini kila akiandika javac, amri ya kukusanya programu za Java, mashine inamjibu kwamba amri hiyo haikuonekana.

Haikurogwa. Ilikuwa haijaambiwa pa kutafuta. Na namna ya kuiambia ina historia ya zaidi ya miaka hamsini, inayoanzia kwenye diski zisizotosha.

Mfumo wa Unix, ambao Linux iliufuata nyayo, ulianza mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Murray Hill, New Jersey, kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwaka 1971 walikuwa na diski za aina mbili: moja ya kasi lakini finyu, nyingine kubwa ila ya polepole. Ile finyu ilibeba mfumo wenyewe, pamoja na saraka ya amri iliyoitwa /bin. Kubwa ilipewa jina la /usr, maana ndimo zilimokaa faili za watumiaji. Amri zilipoongezeka na nafasi kubana, nyingine zikahamia upande wa watumiaji, na hapo ikazaliwa /usr/bin.

Sasa sheli ikawa na nyumba mbili za kubisha hodi. Sheli hii si ile ya mafuta. Ni programu inayopokea unachoandika na kuziamsha programu nyingine. Katika toleo la 6 la Unix, la mwaka 1975, njia ya kutafuta ilikuwa imechongwa ndani ya msimbo wa sheli yenyewe, tena kwa ujanja wa kubana kumbukumbu. Sheli iliandaa mfuatano mmoja tu, "/usr/bin/" pamoja na jina la amri. Ikiruka alama nne za mwanzo, inabaki "/bin/", na huko ilitafuta kabla ya /usr/bin. Ikikosa, inausoma mfuatano mzima. Ujanja mtamu, lakini mtumiaji hakuulizwa. Mwenye saraka yake ya tatu ilibidi aandike anwani nzima kila siku, au aichokonoe sheli.

Wa kwanza kulegeza fundo hilo alikuwa John Mashey, pia wa Bell, katikati ya miaka ya 1970. Sheli yake iliruhusu vigeu, yaani majina yanayobeba thamani, na kila jina lilikuwa herufi moja. Herufi p ilishika orodha ya mahali pa kutafuta amri. Kisha mwaka 1979 likatoka toleo la 7, likiwa na sheli mpya ya Steve Bourne. Humo ndimo vilimozaliwa vigeu vya mazingira kama tunavyovijua leo: PATH kwa njia ya kutafuta amri, HOME kwa saraka ya nyumbani ya mtumiaji.

Utaratibu wake ni wa kifamilia. Programu inapoizaa nyingine, huikabidhi furushi la maandishi: jina, alama ya usawa, thamani. Sheli hutia furushini vigeu ilivyorithi pamoja na vile ilivyoamriwa kwa neno export. Mtoto hupokea nakala. Anaweza kuongeza, kufuta au kubadilisha atakavyo, lakini furushi la mzazi haliguswi, na mtoto akifa nakala yake inazikwa naye.

Hapo ndipo mpwa wangu alipokwama mara ya pili. Nilimwonyesha mstari mmoja wa kuiongeza saraka ya Java kwenye PATH, javac ikaitika, akaenda zake akicheka. Asubuhi akarudi: amri imepotea tena. Alikuwa ameandika mstari ule kwenye dirisha moja la terminali, kisha akalifunga. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Malezi hayo lazima yaandikwe kwenye faili ambayo sheli huisoma inapozaliwa. Toleo la 7 lilikuwa na .profile. Sheli ya C, aliyoiandika Bill Joy huko Berkeley, ilikuja na .cshrc na lahaja yake, ikisema setenv badala ya export. Bash, ambayo Brian Fox aliitoa mwaka 1989 kwa ajili ya mradi wa GNU, ina .bashrc. Linus Torvalds alipoitangaza Linux kutoka Helsinki mwaka 1991, Bash ilikuwa miongoni mwa programu za kwanza alizokwisha kuziendesha juu yake.

Tangu hapo lugha nyingi za programu zimekuja na mizigo yao ya vigeu. Java, iliyotoka rasmi mwaka 1996, ilileta CLASSPATH, na zana zake kama Maven zikazoea kuuliza JAVA_HOME. Go ilidai GOPATH hadi mwaka 2017, ilipokubali kujichagulia saraka yenyewe. Hata Kiswahili kinasafiri furushini: ukiweka LANG kuwa sw_TZ.UTF-8 au sw_KE.UTF-8, na mashine ina data za lugha hiyo, majina ya siku na miezi hugeuka ya kwetu.

Urithi nao huweza kubeba sumu. Septemba 2014, Stéphane Chazelas aligundua kwamba Bash, ikipokea furushi, ingeweza kutekeleza amri zilizofichwa ndani ya kigeu. Kosa hilo, lililopewa jina la Shellshock, lilikuwa limelala humo tangu 1989.

Siku ya tatu mpwa wangu alikuja kimya. Alikuwa ameandika kwenye .bashrc: export PATH=/opt/jdk/bin. Hakuongeza njia mpya kwenye zile za zamani, alizifuta zote. Sasa hata ls, amri ya kuorodhesha faili, haikuonekana.

"Andika anwani nzima," nikamwambia. "/bin/ls."

Orodha ikatokea. Kwenye laptopu yake /bin si saraka halisi tena. Mifumo mingi ya Linux, ikiwemo Fedora tangu toleo la 17 la mwaka 2012, imezihamishia amri za /bin ndani ya /usr/bin, na /bin imebaki kibao cha kuelekeza huko. Diski zilizoleta mgawanyo ule zilishatupwa zamani, kibao hakijang'olewa.

Akakiita kihariri kwa anwani nzima, akaifungua .bashrc, akatia $PATH na nukta pacha mbele ya njia yake mpya, akafunga dirisha, akafungua jingine. Javac ikaitika.