Santuri Zinazostahili Taji: Hukumu ya Shabiki wa Roki kutoka Tumati

Mwezi wa Novemba 1969 wakuu wa serikali katika Dar es Salaam waliupiga marufuku muziki wa soul katika kumbi za dansi za jiji, kwa hoja kwamba mahadhi yake na uchezaji wake, vilivyoletwa na santuri za Marekani, vilikuwa vikiwatoa vijana katika adabu ya utamaduni wa taifa. Na amri hiyo haikuzuka peke yake, kwa kuwa tangu tarehe 1 Januari mwaka uleule Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa ukiendesha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana. Aliyezisoma habari hizo gazetini siku zile aliweza kuamini kwamba gitaa la umeme lenye kunguruma limekwisha kuzikwa katika nchi hii kabla halijatambaa. Walakini katika jiji lilelile, mwaka uliofuata, vijana wachache waliunda bendi wakaiita Sunburst, na baada ya miaka sita bendi hiyo ikatoa santuri ndefu ambayo mimi, mzaliwa wa Tumati katika milima ya Mbulu, naiweka mbele ya kila santuri ya roki niliyojaliwa kuisikia, iwe imetengenezwa London, iwe imetengenezwa California.

Najua kwamba hukumu ya namna hii huwaudhi watu, hususan wale waliolelewa na kuamini kwamba roki ni mali ya Wazungu na kwamba sisi tuliazima tu. Kwa hiyo sitaki iaminiwe kwa kiapo, nataka ipimwe kwa historia.

Tumati ya wakati ule ilikuwa katika Mkoa wa Arusha, kwa kuwa Mkoa wa Manyara haukukatwa mpaka mwaka 2002, na mji wa Arusha ndio uliokuwa soko letu la kila kitu kisichoota shambani. Santuri iliyotoka Nairobi ilivuka Namanga, ikafika Arusha, kisha ikapanda Mbulu ndani ya basi au juu ya mzigo wa lori, ama kwa njia ya Karatu, ama kwa kona za Magara, zinazoupanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Mbuyu wa Mjerumani. Na ilipofika, maadamu nyumba zetu hazikuwa na umeme, ilipigwa kwa kinanda cha santuri cha betri, na betri zilizochoka zilianikwa juani asubuhi ili zipate nguvu ya usiku mmoja zaidi. Redio nayo ilikuwa na mipaka yake. Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyopewa jina hilo mwaka 1965, katika miaka ya 1970 iliushika muziki wa nyumbani kwa mikono miwili na kuuweka wa kigeni kando, jambo ambalo naliona lilikuwa na faida kubwa kwa dansi letu, lakini kwa kijana mwenye kiu ya magitaa mazito lilimlazimu kungojea usiku, mawimbi yatulie, apate kuinasa Sauti ya Kenya. Kisha, mwezi wa Februari 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, usifunguliwe tena mpaka mwaka 1983, na njia ya santuri ya Namanga ikakatika pamoja na biashara nyingine zote. Kila albamu iliyokuwa imekwisha kupanda mlima kabla ya mwezi ule ikawa hazina: iliazimwa, ikarudishwa, ikarekodiwa katika kanda, na ile kanda ikarekodiwa tena katika kanda nyingine, hata sauti ikafifia.

Yafaa pia msomaji aelewe kwa nini orodha ya santuri ndefu za roki za nyumbani ni fupi hivi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zetu zilirekodi katika studio ya redio, nyimbo zikahifadhiwa katika kanda za serikali na kurushwa hewani bila kufika dukani. Au zilisafiri mpaka Nairobi, ambako makampuni yalipenda santuri ndogo, wimbo mmoja kwa kila upande, au wimbo mmoja uliokatwa vipande viwili. Albamu za dansi zilizotoka aghalabu zilikuwa mkusanyo wa santuri ndogo zilizokwisha kuuzwa. Nami hupima roki kwa santuri nzima: kama watungaji wamefikiri juu ya dakika arubaini kuwa jambo moja, wimbo wa tatu ukautegemea wa pili, na upande wa pili ukaujibu wa kwanza. Kwa kipimo hicho, bendi ya Afrika Mashariki iliyopata kutengeneza albamu ya namna hiyo katika miaka ile ilishinda vizuizi ambavyo wenzake wa Uingereza hawakupata hata kuviota.

Sunburst ilivishinda. Mwaka 1973 ilishinda shindano la bendi Dar es Salaam, ikarekodi santuri ndogo, na muziki wake, uliochanganya roki, fanki na ngoma za kwetu, ukaitwa Kitoto. Sauti ya James Mpungo ilikuwa mbele, gitaa la Hembi Flory Kongo pembeni yake, na nyuma yao besi na dramu zilizokaa imara kuliko bendi nyingi nilizozisikia. Mwaka 1976 bendi ilikuwa Zambia, na huko ikarekodi albamu yake ya pekee, Ave Africa. Zambia ya miaka ile ilikuwa na neema ambayo sisi hatukuwa nayo: vijana wa miji ya shaba walikuwa wamekwisha kujenga roki yao wenyewe, na mwaka 1975 pekee kundi la Amanaz lilitoa albamu iliyoitwa Africa, na WITCH wakatoa Lazy Bones!!, zote mbili zikiwa kazi za taadhima ambazo naziweka ndani ya kumi bora bila kusita. Sunburst ilikwenda mahali ambapo bendi ya roki ya Waafrika haikuwa ajabu.

Kinachonifanya niiweke Ave Africa juu ya wenyeji wake ni jinsi ilivyojaa watu. Gitaa la Amanaz hulia peke yake, kama mtu aliye nyumbani usiku. Muziki wa Sunburst huitikiwa. Sisi Wairaqw tunayo slufay, ile sala ndefu ya baraka ambayo mzee huisema kwa mpango maalumu na jamaa waliomzunguka huiitikia kila kipengele, na aliyeizoea slufay tangu utotoni huyajua maungo ya Ave Africa kabla hajayafahamu maneno yake: kuna anayetangulia, kuna wanaopokea, na mdundo hauachi pengo la mtu kukaa nje. Sidai kwamba vijana wa Dar es Salaam walipata kuisikia sala ya Mbulu. Nadai kwamba waliijenga roki yao juu ya msingi ambao Mwafrika wa milimani na wa pwani wote wawili huutambua, na kwamba msingi huo hauko katika albamu yoyote ya Led Zeppelin, ijapokuwa nawapenda sana. Muda si mrefu baada ya albamu hiyo bendi ilivunjika. Ikapita takriban miaka arubaini, ndipo kampuni ya Strut ya London, mwaka 2016, ilipoitoa upya pamoja na rekodi zao nyingine za miaka ya 1973 hadi 1976, na vijana waliozaliwa baada ya kifo cha bendi wakaanza kuuliza ilitoka wapi.

Ya pili katika orodha yangu ni kazi ya mtoto wa Unguja. Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, mwana wa karani wa serikali wa jamii ya Waparsi, akapelekwa shule ya bweni Panchgani, Bara Hindi, akarudi, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, akahamia Uingereza pamoja na wazazi na dada yake. Dunia ilimjua kwa jina la Freddie Mercury. Watu wakiitaja bendi yake ya Queen hutaja kwanza A Night at the Opera ya mwaka 1975, kwa sababu ya ule wimbo wa karibu dakika sita ambao ndani yake Bismillah huitwa kwa sauti nyingi. Nami naitolea heshima, lakini naiweka chini ya Queen II, iliyotoka mwezi wa Machi 1974. Albamu hii haikugawanywa kwa upande wa kwanza na wa pili, bali kwa upande mweupe na upande mweusi. Upande mweupe ni wa Brian May, isipokuwa wimbo mmoja wa Roger Taylor. Upande mweusi wote, kuanzia mwanzo hata mwisho, umetungwa na Mercury, nyimbo zikishikana bila mtu kupata nafasi ya kupumua, zikisimulia majitu, malkia na bahari za nchi ya kubuni. Wahakiki wa Uingereza wa wakati ule wengi hawakuipenda. Waliiona imezidi mapambo. Mimi naona kwamba mtu aliyelelewa katika mji wa milango ya nakshi hana haja ya kuyaomba radhi mapambo. Msikilizaji aliyezoea taarabu, ambamo fidla, ganuni, sauti na maghani hupambwa juu ya mapambo, ataielewa Queen II upesi kuliko Mwingereza aliyezoea magitaa matatu na dramu.

Ya tatu itanipatia maadui, kwa kuwa wapo watakaosema kwamba Remmy Ongala hakuwa mwanamuziki wa roki. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kuungana na Orchestra Makassy, kisha akaiongoza Super Matimila, na Watanzania wakamwita Dokta. Mwaka 1988 alizunguka na maonyesho ya WOMAD, na mwaka uliofuata kampuni ya Real World ya Peter Gabriel, mwimbaji wa zamani wa Genesis, ikatoa Songs for the Poor Man. Asemaye kwamba hiyo si roki aisikilize tena na ayafuate magitaa. Yanazunguka, yanapanda, yanasokotana, yanakataa kunyamaza, na juu yake mtu mmoja anasimama kuwasemea maskini, wagonjwa na mayatima kwa uso mkavu na sauti ya ukali uliochanganyika na huruma. Roki ilipoanza ilijigamba kwamba inawasemea wanyonge. Ni mara chache imefanya hivyo kwa haki, na albamu hii ni mojawapo ya mara hizo. Naijua mitaa ya Dar es Salaam iliyoitikia nyimbo zake, na nayajua makazi ya wachunga ng'ombe wa Hanang ambako kanda zake zilipigwa hata zikakatika. Dokta Remmy alifariki tarehe 13 Desemba 2010.

Zilizobaki nazipitia kwa haraka kidogo. Black Savage wa Nairobi, ambamo alikuwamo kijana Job Seda, ambaye baadaye alijulikana duniani kwa nyatiti na kwa jina la Ayub Ogada, walitoa Something for Someone mwaka 1976, santuri ya maswali mazito ya ujana wa mjini; naiweka ya nne. Patrick Balisidya, Mgogo wa Dodoma na kiongozi wa Afro 70, aliyeiwakilisha Tanzania katika tamasha la FESTAC huko Lagos mwaka 1977, alikwenda Sweden mwishoni mwa miaka ya 1970 akarekodi Bado Kidogo pamoja na bendi ya Archimedes Badkar, na humo mna gitaa ambalo mtu hapaswi kufa bila kulisikia, ingawa albamu yenyewe haikushikana kama nilivyotamani. Machine Head ya Deep Purple, iliyorekodiwa Montreux mwezi wa Desemba 1971, inaingia kwa haki, kwa kuwa ndiyo iliyotufundisha sisi wengi uzito wa gitaa ni kitu gani. Na ili isemwe kwamba mzee hakuyafunga masikio yake, naiweka ndani ya kumi albamu ya Duma, vijana wawili wa Nairobi waliochukua metali ya kasi ya kutisha wakaichanganya na mitambo ya kelele, ikatolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kuisikiliza kwahitaji moyo, nao ni moyo ambao vijana wa 1970 wangeutambua.

Nimalizie kwa ombi, kwa sababu orodha yangu imejengwa juu ya vitu vinavyooza. Santuri hujikunja kwa joto, kanda hushika ukungu, na katika majumba mengi ya Arusha, Babati, Mbulu na Katesh zimo chini ya vitanda kazi ambazo hazimo mahali pengine. Mwenye nazo azisimamishe wima mahali pakavu, asizilaze moja juu ya nyingine, na kabla hajaziuza kwa mnunuzi anayepita na bei ya haraka, atafute kijana mwenye mtambo wa kuzinakili. Shirika la Utangazaji Tanzania, lililorithi kanda za Redio Tanzania, nalo naliomba lifungue maktaba yake kwa wananchi, ili anayetaka kuipinga hukumu yangu juu ya Sunburst apate kusikia kwanza kila bendi iliyopita katika studio ile, ndipo aandike orodha yake.