Maji ya Uhai na Mifereji ya Sayyid Barghash

Hadithi za watu walioishi karne nyingi si mali ya taifa moja. Bara Hindi husimuliwa habari za mayogi, Gorakhnath akiwa miongoni mwao, ambao kwa kuizuia pumzi na kuitawala nafsi waliuvuka mpaka wa umri wa binadamu. Pwani yetu yamjua Nabii Khidhri, aliyekunywa maji ya uhai na ambaye, kwa imani ya wengi, angali akizunguka bara na bahari akiwanusuru waliopotea. Kwamba hadithi hizi mbili ni jamaa si dhana yangu. Kipo kitabu cha Kiarabu, Haudhi ya Maji ya Uhai, kilichochota elimu ya mayogi wa Bara Hindi, nacho chasema waziwazi kuwa Gorakhnath ndiye Khidhri, na mwalimu wake, Matsyendranath, ndiye Yunus. Nadhani mwandishi alijua kuwa Mwislamu hatapokea mazoezi ya pumzi kutoka kwa mgeni asiyemjua hata jina.

Wanazuoni walihitilafiana juu ya Khidhri. Qurani, katika Suratul Kahf, yamtaja mja mwenye elimu aliyefuatwa na Musa, lakini haimpi jina wala haitaji umri wake. Imam Nawawi aliandika kuwa wengi wamhesabu yu hai. Ibn al-Jawzi alikataa. Ugomvi huo tuwaachie wenyewe. Mwanahistoria ana swali lake: mitambo ilipoingia Unguja, watu walifanya nini na tamaa hii ya kale?

Yafaa tuutazame utawala wa Sayyid Barghash, 1870 hadi 1888. Alikuwa ameishi uhamishoni Bombay, akaona mambo ya huko. Katika mwaka 1879 waya wa simu uliopita chini ya bahari uliiunganisha Unguja na Aden. Mwaka 1883 likajengwa Beit al-Ajaib, na jina lenyewe laonyesha jinsi jengo lile lilivyowashangaza watu. Lakini ajabu kubwa kuliko hizo, kwa maoni yangu, ilikuwa mifereji. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kilikuwa kimeua maelfu kisiwani, na daktari James Christie, aliyeshuhudia msiba ule, alitoa kitabu juu yake mwaka 1876. Mji ulikuwa ukinywa maji ya visima vilivyokaribiana na uchafu wa majumba. Barghash alivuta maji ya chemchemi za nje ya mji yakawafikia watu bila malipo. Kama palikuwa na maji ya uhai Unguja, basi yalipita katika mabomba ya chuma, na hakuna aliyeyatungia kisa cha Khidhri.

Ndipo linapokuja jambo la kustaajabisha. Mtu angetazamia kuwa mji wa simu na stima utaipa kisogo elimu ya nafsi. Kumbe katika utawala huohuo alifika Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyekuwa amesoma Baghdad, na tarika ya Kadiria ikapata nguvu mpya. Zikri yake yajulikana: watu husimama, hulitaja jina la Mungu, na sauti huzama kidogo kidogo hata ibaki pumzi tupu itokayo kifuani kwa mkupuo mmoja. Wasioipenda waliiita zikri ya kukohoa. Pumzi hapa yatawaliwa, kama kwa yogi. Lakini shabaha si kuongeza miaka, bali ni moyo kuhudhuria.

Hii ndiyo tofauti ambayo wengi wa zama zetu wameisahau. Leo saa ya mkononi huhesabu mapigo ya moyo, na programu ya simu humfundisha mtu kuvuta pumzi ili apate usingizi na aishi sana. Sioni ubaya, ila mwenye kufanya hivyo amechukua ganda la elimu ya wazee akaacha kokwa.

Sheikh Uways mwenyewe, bingwa wa pumzi, hakuzeeka. Mwaka 1909 aliuawa Biyoley, katika nchi ya Wasomali, na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan, akiwa na umri wa miaka 62 hivi. Wafuasi wake hawakuona kuwa kifo kile kimeivunja elimu yake. Zikri ilikuwa imekwisha kufika Tabora, na ilizidi kusonga mbele.