Hasheem Thabeet na Matarajio ya Mji Mzima

Tarehe 25 Juni 2009, jijini New York, timu za NBA zilikutana kuchagua wachezaji wapya. Huku kwetu ilikuwa usiku wa manane. Jina la pili kutajwa lilikuwa la Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, aliyechukuliwa na Memphis Grizzlies. Akawa Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi hiyo. Wenyeji wengi wanaikumbuka habari ile, lakini safari yenyewe haisimuliwi sana. Tunaiandika hapa kwa sababu inawahusu watoto wetu.

Thabeet alizaliwa mwaka 1987. Mpira wa kikapu alianza kuucheza akiwa na umri wa miaka 15 hivi, na alisoma Makongo Sekondari. Urefu wake, sentimita 221, ulimfungulia milango. Alikwenda Marekani, akamalizia sekondari Houston, na mwaka 2006 akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Huko aling'ara kwa kuzuia mitupo. Alikuwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East mwaka 2008 na tena 2009. Mwaka huo wa 2009 aligawana na DeJuan Blair tuzo ya mchezaji bora wa ligi hiyo, na timu yao ikafika nusu fainali ya taifa.

Basi matarajio yakapanda. Wamarekani walimlinganisha na Dikembe Mutombo wa Kongo, mmoja wa wazuiaji wakubwa katika historia ya NBA. Huku nyumbani alibeba jina la nchi nzima kabla hajacheza hata mchezo mmoja. Aliyetangulia kutajwa siku ile ni Blake Griffin. Waliofuata nyuma yake ni pamoja na James Harden, aliyekuwa wa tatu, na Stephen Curry, aliyekuwa wa saba. Kila walipong'ara hao, jina la Thabeet lilitajwa tena, safari hii kwa kejeli.

Msimu wake wa kwanza alicheza michezo 68, kwa wastani wa dakika 13 na pointi 3.1 kwa mchezo. Nafasi yake pale Memphis ilikuwa na mwenyewe, Marc Gasol. Februari 2010 alipelekwa kwa muda Dakota Wizards, timu ya ligi ndogo. Hadi wakati huo hakuna mchezaji aliyechaguliwa nafasi ya juu kama yake aliyewahi kushushwa huko. Baadaye alipita Houston, Portland na Oklahoma City. Msimu wake wa mwisho NBA ulikuwa wa 2013/14. Aliendelea kucheza, hata Japani na Taiwani.

Wapo waliosema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi hatukubaliani nao. Tazameni hesabu. Curry ni mtoto wa Dell Curry, aliyecheza NBA miaka mingi; mpira wa kikapu aliukuta nyumbani. Thabeet, siku anatajwa New York, alikuwa na miaka kama saba tu tangu aanze kucheza. Katika vyuo, urefu ulitosha kuzuia mitupo. Katika NBA alikutana na watu wazima wenye nguvu, na hapo kinachohitajika ni miguu myepesi, mikono inayodaka pasi ngumu na mazoea ya kusoma mchezo. Hayo hujengwa utotoni. Samaki mkunje angali mbichi. Kwa kijana aliyeanza akiwa na miaka 15, kucheza michezo 224 katika misimu mitano ya NBA ni kazi kubwa, na heshima yake ipo pale pale.

Somo tunalolipata ni hili: mji hauwezi kumngoja mtoto mmoja mrefu atokee, kisha umdai awe bingwa. Unaandaa watoto wengi, mapema, na wafupi nao wakiwamo. Viwanja vya Don Bosco Upanga na Kituo cha Michezo cha JMK pale Kidongo Chekundu, kilichofunguliwa mwaka 2015, vinaonyesha kuwa watoto wakipata sakafu, goli na mwalimu, huja wenyewe. Lakini mtoto wa Mbagala au Gongo la Mboto hawezi kupanda daladala kila jioni kwenda mjini kufanya mazoezi.

Ndugu zetu, mlio hapa na mlio ng'ambo, mchango wenu wa mwaka huu uwakumbuke watoto hao. Goli mbili katika shule moja ya msingi, mipira michache na posho ya mwalimu wa jioni si mambo ya kutangazwa New York. Ila mtoto wa miaka saba anayeanza leo, akifika 15, atakuwa ameshacheza miaka minane.